Stauti ya imperiali yenye viungo: unaonja nini hasa?

Desemba iliyopita mpwa wangu alitua Moshi kutoka Florida akiwa na chupa mbili nyeusi alizozivisha soksi na kuzizika katikati ya nguo begini. Mchagga akirudi nyumbani Desemba haji mikono mitupu. Zawadi ya huyu ilikuwa bia ya kiwanda kidogo cha huko: stauti ya imperiali iliyotiwa kakao, mdalasini, vanila na pilipili kavu. Karatasi ya chupa ilisema mililita 650, kilevi asilimia 11. Akafungua moja jioni, akaiweka mezani kando ya ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Mabishano yalianza kabla hata haijamiminwa. Shemeji aliinua chupa kwenye taa akasema rangi peke yake inatosha kukuonyesha kwamba ni kali. Shangazi akasema stauti inaongeza damu, basi apewe mke wa mdogo wangu, mzazi wa miezi miwili. Binamu yangu alinusa akadai wamechanganya bia na chokoleti ya dukani. Baba mdogo, ambaye kwa miaka yake yote ni mtu wa mbege, alipiga funda moja kubwa kama anavyopiga kwenye kata, akakohoa, akafuta macho. "Mwanangu," akamwambia mpwa, "hii si ndiyo dawa ya kifua?"

Maswali yao yote yalikuwa ya haki, na nimeyasikia tena Arusha na Dar tangu siku ile. Bia za namna hii zinaingia na wasafiri, na viwanda vidogo vinavyotengeneza bia za ladha mbalimbali vimeshafunguliwa Nairobi na Kampala. Watu wanakutana na glasi nyeusi yenye harufu ya keki, wanainywa kama bia ya kawaida, halafu wanashangaa kilichowapata. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

Maneno yenyewe

Bia nyingi duniani zinahitaji vitu vinne: nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, maji, hamira, na kitu kichungu cha kuzuia utamu usichoshe. Anayejua mbege anavijua vyote vinne. Kwenye mbege kimea ni cha ulezi, sukari nyingi inatoka kwenye ndizi mbivu zilizochemshwa, na uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. Wazungu wao wanaotesha shayiri, na mahali pa msesewe wanaweka hopsi, maua ya mmea unaotambaa. Njia ni ileile.

Stauti ni bia nyeusi, lakini neno lenyewe halikuwa na uhusiano na rangi. London ya karne ya 18 ilikuwa na bia ya kahawia iliyoiva sana iitwayo pota, na jina hilo lilitokana na wapagazi wa mitaani na bandarini walioipenda. Pota yenye nguvu zaidi ikaitwa pota stauti, maana "stauti" kwa Kiingereza cha wakati ule ilikuwa "yenye nguvu". Baadaye neno pota likaachwa njiani.

Na imperiali? Kulikuwa na kiwanda Southwark, kusini mwa Mto Thames, cha familia ya Thrale, kilichouzwa mwaka 1781 kwa akina Barclay na Perkins. Kilikuwa kinapeleka bia yake nzito nchi za Baltiki hadi kwenye jumba la Ekaterina wa Pili, malkia wa Urusi. Mchoraji Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake mwaka 1796 kwamba alikunywa pota ya kiwanda hicho, akaambiwa imepikwa maalumu kwa ajili ya malkia huyo na inaweza kukaa miaka saba. Jina la kifalme lilitoka huko. Utasikia wengine wakisema ni Petro Mkuu aliyeiagiza, lakini Petro alifariki mwaka 1725, miaka mingi kabla Ekaterina hajakalia kiti.

Siku hizi hakuna malkia anayehusika. Imperiali kwenye chupa maana yake ni kwamba mpishi ameongeza nafaka mpaka bia ikawa na nguvu kupita ya kawaida, mara nyingi kati ya asilimia 8 na 12 ya kilevi. Hilo ndilo neno la kuliangalia kwanza kwenye chupa, kabla ya picha ya kakao na kabla ya jina la mbwembwe.

Weusi hauleweshi

Shemeji alikosea, ingawa kosa lake linaeleweka. Chai nyeusi ni kali kuliko ya rangi hafifu, kahawa nyeusi ni kali kuliko ya maziwa, kwa nini bia isiwe hivyo?

Kwa sababu rangi na nguvu vinatoka sehemu mbili tofauti za sufuria. Rangi inatoka kwenye shayiri kidogo iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kuzungusha kimea juu ya moto, sawa na linavyozungushwa la kahawa, na tangu hapo stauti ikawa nyeusi kweli. Nafaka hiyo ya kukaangwa huwa sehemu ndogo tu, pengine moja katika kumi. Tisa zilizobaki ni kimea cheupe kilekile cha bia ya kawaida. Punje nyeusi ni kama kitunguu ulichokiunguza kwenye pilau: kidogo tu, na sufuria nzima inabadilika rangi.

Nguvu inatoka kwenye sukari. Kimea kinatoa sukari, hamira inaila, na inachokitoa ni kilevi na gesi. Ukitaka bia kali, weka nafaka nyingi kwenye maji machache. Mama anayepika togwa nzito na anayepika togwa nyepesi wanatumia ulezi uleule. Tofauti ni kiasi alichotia kila mmoja. Ndiyo maana stauti ya Guinness inayomiminwa kwa bomba kule Ireland, nyeusi tititi, ina asilimia 4.2 tu, chini ya bia nyingi za njano tunazokunywa baa.

Sasa tufanye hesabu ya ile chupa ya mpwa wangu. Mililita 650 kwa asilimia 11 ni mililita 71 na nusu za kilevi kitupu. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25. Chupa ile moja, basi, ilikuwa imebeba karibu bia tatu. Baba mdogo alipopiga funda lile la kata alimeza kwa mara moja kile ambacho wenzake wanakinywa kwa nusu saa. Mpwa wangu alitugawia watu saba chupa moja, na kila mmoja alipata ya kutosha. Ndivyo inavyonywewa hata huko inakotoka: ni ya kugawana, glasi ndogo, na anayeendesha gari haonji.

Habari ya damu

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hili nalisikia kila wilaya niliyokaa: stauti inaongeza damu, stauti inaleta maziwa. Imani hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1929 Guinness walianza kuitangaza Uingereza kwa maneno kwamba bia hiyo ni nzuri kwa mwili, na tangazo hilo lilisafiri na meli mpaka kwetu. Rangi nayo ikasaidia, maana kitu cheusi kizito kinafanana na kitu cha kujenga damu.

Weusi ule ni nafaka iliyoungua. Madini ya chuma yamo, ila ni kidogo mno: glasi haina hata miligramu moja, na mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku. Kuhusu maziwa, ukweli uko kinyume. Kilevi kinapita kutoka kwenye damu ya mama hadi kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu yenyewe, na watafiti waliopima wamekuta mama aliyekunywa anatoa maziwa pungufu kwa saa kadhaa zinazofuata. Kumpa mzazi stauti ya asilimia 11 ni kumpa na mtoto.

Nilimwambia shangazi hivyo, taratibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenilea na alichokisema alikisema kwa upendo. Akanyamaza, kisha akaenda jikoni akarudi na bakuli la mtori na nyama. Wachagga tayari tunajua kumlisha mzazi. Tuna mtori, tuna kisusio, tuna maini. Bia haihitajiki katika orodha hiyo.

Ulimi unajua machache

Tuje sasa kwenye ladha, sehemu niliyoipenda zaidi jioni ile.

Binamu alisisitiza kuna chokoleti ya dukani ndani. Nikamwomba shangazi sukari na mdalasini wa unga, nikavichanganya kwenye kisosi, nikamwambia binamu azibe pua kwa vidole na aweke kidogo ulimini. "Nini hicho?" Akasema sukari. "Sukari tu?" Sukari tu. Nikamwambia aachie pua huku mdomo umefungwa. Uso ulibadilika papo hapo: mdalasini ulimjaa mdomo mzima, ingawa ulikuwa ulimini tangu mwanzo.

Ijaribu nyumbani, haikugharimu kitu. Ulimi wenyewe unatambua mambo matano: utamu, uchungu, ukali wa ndimu, chumvi, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Mdalasini, vanila, kahawa na zabibu haviko kwenye orodha hiyo, kwa sababu ni harufu. Tunapotafuna na kumeza, mvuke wa chakula unapanda kwa nyuma ya koo na kuingia puani kwa mlango wa uani, na ubongo unaijumlisha harufu hiyo na kile ulimi ulichosema, kisha unatuambia vyote vimetokea mdomoni. Ndiyo sababu mwenye mafua anasema chakula hakina ladha.

Mtu akishajua hilo, anaweza kuifungua glasi ya stauti kama anavyofungua mfuko wa sokoni, kitu kimoja baada ya kingine.

Kwanza kuna vilivyotoka kwenye nafaka iliyokaangwa: kahawa, ganda la mkate lililoungua, karanga za kukaangwa, na chokoleti chungu. Stauti isiyo na chembe ya kakao bado inanukia chokoleti, maana kakao, buni na shayiri vyote hupitia moto wa namna moja, na moto ukikutana na sukari na protini ya nafaka unazaa harufu za ukoo mmoja. Binamu alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Kwenye chupa hii kakao ilikuwepo kweli, ila ilikuwa punje zilizokaangwa na kupondwa, bila sukari wala maziwa. Na kakao tupu haina utamu; mkulima wa Kyela anayeikausha atakuambia ni chungu. Tunachokiita ladha ya chokoleti ni sukari kwa sehemu kubwa.

Pili, hamira. Watu hudhani hamira ni ya kuleta kilevi na povu basi. Inaleta pia tende, zabibu kavu, ndizi iliyopitiliza kuiva. Kuna bia za ngano za Ujerumani zinazonukia karafuu waziwazi, na hakuna karafuu hata moja iliyotumbukizwa: hamira ile inatengeneza yenyewe kitu ambacho ni ndugu wa kile kinachonukia kwenye karafuu za Pemba. Kwa hiyo ukinusa kiungo fulani, usikimbilie kusema kimetiwa.

Tatu, hopsi, na kazi yake hapa ni uchungu. Bia yenye sukari nyingi hivi ingekuwa kama asali bila kitu cha kuishika. Baba mdogo, alipotulia na kuonja mara ya pili kwa glasi ndogo, alisema jambo ambalo nimelikumbuka hadi leo. Alisema uchungu wa mwanzo ni wa kuungua, lakini kuna uchungu mwingine unaobaki nyuma ya ulimi, huo ni wa dawa, "kama msesewe ukizidi." Alikuwa ametenganisha shayiri iliyokaangwa na hopsi, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Mtu aliyekunywa mbege ya nyumba hamsini tofauti ana kinywa kilichosoma.

Mwishoni ndipo vinakuja viungo vyenyewe.

Viungo vinavyofanya kazi

Mtindo huu wa kakao, mdalasini, vanila na pilipili umetokana na Meksiko. Muda mrefu kabla Wahispania hawajafika, Waazteki walikunywa kakao chungu iliyotiwa pilipili na vanila. Mdalasini ulifika baadaye na wageni kutoka ng'ambo. Viwanda vidogo vya Marekani vikauchukua mchanganyiko huo na kuutia ndani ya stauti nzito. Cigar City cha Tampa kina Hunahpu's, jina la mmoja wa pacha mashujaa wa hadithi za kale za Wamaya. Perennial cha St. Louis kina Abraxas. Vinatofautiana kwa vipimo, lakini anayezijua hizo mbili ataitambua familia nzima.

Viungo havichemshwi na kimea tangu mwanzo. Vingi vinatumbukizwa baada ya hamira kumaliza kazi, bia ikiwa imetulia, kisha mpishi anaonja siku baada ya siku mpaka aone vimetosha, na hapo anavitoa. Hii inafahamika kwa kila anayepika. Iliki ukiichemsha kwenye chai nusu saa, harufu yote imekwenda kwa majirani na chai imebaki na uchungu. Hamira inapofanya kazi inatoa gesi nyingi sana, na gesi ile inapopanda inabeba harufu na kutoka nayo nje. Kiungo cha bei kubwa kingepotea hewani.

Vanila ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Haina utamu hata kidogo. Lamba kipande cha ganda lake uone. Ila kwa sababu tangu utotoni tumekutana nayo ndani ya keki na aiskrimu, ubongo ukiisikia unaongeza utamu wenyewe. Mpishi wa bia anajua hivyo, na vanila kidogo inalainisha uchungu wa kuungua bila kuongeza sukari. Nashindwa kuitaja vanila bila kumtaja Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, aliyekuwa na miaka 12 alipogundua mwaka 1841 namna ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Nje ya Meksiko ua hilo lilikuwa karibu halizai, kwa kuwa nyuki wake hayupo. Njia ya mtoto yule ndiyo inayotumika mpaka leo Madagaska na Uganda, ua kwa ua. Alikufa maskini.

Mdalasini una nyuso mbili. Puani ni mtamu, mdomoni unaacha ukakasi, ile hali ya ulimi na fizi kukauka kama umekula bibo au ndizi mbichi. Ni gome la mti, na magome yana hiyo tabia. Ukakasi kidogo unasafisha mdomo baada ya bia nzito. Ukizidi, bia inakuwa kama umetafuna kijiti.

Pilipili ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kuwasha si ladha wala harufu. Ni maumivu. Kwenye neva za mdomo kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kukuambia kitu kimefika joto la kuunguza, takriban nyuzi 43. Kikemikali cha pilipili kinavibonyeza hata kama kitu ni cha baridi, na ubongo unaamini mdomo unaungua. Mwanasayansi David Julius wa Marekani alipata sehemu ya Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kuvigundua. Kilevi nacho kinavishusha vipokezi hivyo kizingiti mpaka chini ya joto la mwili, na ndiyo maana konyagi inachoma koo ingawa haina pilipili. Vikikutana vyote viwili kwenye glasi moja, moto unaongezeka kuliko unavyotarajia ukisoma karatasi ya chupa.

Pilipili zenyewe zilizotumika ni za upole. Ile iitwayo ancho, kwa kipimo cha ukali wa pilipili kiitwacho Scoville, iko kati ya 1,000 na 2,000, wakati pilipili za jamii ya mbuzi zinavuka 100,000. Inatafutwa kwa harufu, maana ikikaushwa inanukia zabibu na tumbaku. Kama ukali umekuzidi, kumbuka kwamba maji hayasaidii, kwa kuwa kikemikali cha pilipili hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Maziwa au mtindi unakiosha.

Namna ya kuonja

Sisi watu wa baa tuna swali letu la zamani: ya moto au ya baridi? Kwa stauti ya aina hii, waliozoea ya moto wako karibu zaidi na ukweli. Baridi kali inaziua harufu, kwa kuwa mvuke haupandi, na kinachobaki ni uchungu na utamu mtupu. Lakini moto wa Dar, nyuzi 30, nao si wake. Kilevi kinapanda puani na kufunika kila kitu. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika thelathini au arobaini mpaka chupa isitoe tena jasho. Nyuzi 10 hadi 14 ndipo inapozungumza.

Glasi ya mvinyo inafaa kuliko bilauri, kwa vile mdomo wake mwembamba unakusanya harufu. Mimina kidogo, robo ya glasi. Povu litakuwa la kahawia na huenda likapotea upesi, na hilo halimaanishi imechacha: kakao ina mafuta, na mafuta yanavunja povu. Nusa kabla ya kunywa, mara mbili tatu, kwa kuachia nafasi, maana pua inachoka. Kisha kunywa kiasi cha kijiko, kizungushe, meza, ufunge mdomo, utoe pumzi kwa pua. Hapo kwenye pumzi ile ndipo mdalasini na vanila vitakapojitokeza. Subiri. Pilipili inakuja ya mwisho, sekunde kadhaa baada ya kumeza, kooni badala ya ulimini.

Usiihukumu kwa funda la kwanza. Mdomo unakuwa bado haujajipanga, na uchungu unapiga kelele kuliko wenzake. La pili na la tatu ndiyo yenye ushahidi.

Angalia pia karatasi ya chupa kama kuna sukari ya maziwa. Stauti nyingine hutiwa hiyo kwa sababu hamira ya bia haiwezi kuila, hivyo utamu unabaki. Mwenye tumbo lisilokubali maziwa atalala vibaya bila kujua kilichomsibu.

Na kwa asiyegusa kilevi, hakuna kilichofungwa hapa. Kahawa chungu ya Pwani yenye tangawizi, ikinywewa kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni, ina karibu kila kitu nilichokieleza: nafaka au buni iliyoungua, uchungu unaoshikwa na utamu wa pembeni, kiungo kinachonukia kwa mlango wa uani, na moto unaofika kooni mwishoni. Muuza kahawa wa Mombasa anaujua mpango huu tangu babu yake.

Kuhusu kuharibika, swali ambalo mpwa alilipata kwa simu baada ya kurudi Florida: bia ya nguvu hii haiozi upesi, na tende na zabibu zinaongezeka kadiri inavyokaa. Lakini viungo havizeeki kwa mwendo mmoja. Harufu ya pilipili na ya vanila zinafifia ndani ya miezi, mdalasini unakaa zaidi. Ikianza kuwa na ladha ya mchuzi wa soya, hewa imeingia na imezidiwa. Ikiwa chachu kama mtindi, vijidudu vimeingia, mwaga.

Chupa ya pili imebaki kwangu, nimeilaza gizani chini ya kabati la vyombo ambako hakuna joto. Baba mdogo ameniuliza mara mbili kama ipo salama. Anataka tuifungue Desemba ijayo, aone ule uchungu wa msesewe utakuwa umefika wapi.